Nakala kamili kwanza, diski baadaye

Shikamooni wazee wangu, hamjambo ndugu zangu. Naona wengi mmekuja na mifuko na maboksi, na ndani yake kanda za video zilizokaa kabatini miaka ishirini au zaidi. Nimefurahi sana. Leo nina hoja moja tu, na mengine yote nitakayosema yanaitumikia hiyo: kabla hujafikiria diski nzuri ya kuwagawia watoto na wajukuu, pata nakala kamili ya kanda yako, nzima, haijakatwa wala haijabanwa, ikae kwenye kompyuta. Diski ni ya kutazamia. Nakala kamili ndiyo ya kutunzia. Wengi wetu tumeanza na diski tukaishia na diski, na hapo ndipo sura na sauti za watu wetu zilipotuponyoka.

Hii niliyoshika ni kanda ya MiniDV. Mnaona inavyofichika kiganjani. Ndani yake mna utepe wenye upana wa milimita 6.35, na kwa kanda ya saa moja utepe huo una urefu wa karibu mita 68. Kamera inapousoma, kuna pipa dogo la chuma lenye hedi, yaani vichwa vya kuusomea utepe, nalo huzunguka mara 9,000 kwa dakika huku likiupitia utepe kimshazari. Katika mfumo wa runinga uitwao PAL sekunde moja ina picha 25, na kila picha imeandikwa kwa mistari 12 ya mshazari, kila mstari ukiwa na upana wa maikromita 10. Unywele wa kichwani ukiangukia utepe huu unafunika mistari kadhaa kwa mpigo. Sasa fikirini vumbi, fikirini alama ya kidole cha mtoto aliyeifungua kanda akaivuta. Kumbukumbu zetu zimelala kwenye kitu chembamba kiasi hicho, na bado, ajabu, nyingi zinasomeka.

Watu huniuliza kanda inaishi miaka mingapi. Ni swali la haki, lakini mimi huwa narudisha swali: kamera yako iko wapi, na inawaka? Maana mara nyingi kanda inakuwa nzima, mashine ndiyo iliyotangulia kufa. Sony waliacha kutengeneza deki, yaani mashine za kuchezea kanda, za aina ya Betamax mwaka 2002. Funai ya Japani, kampuni iliyobaki peke yake ikitengeneza deki za VHS, ikaacha Julai 2016. Kamera za kanda nazo hazitengenezwi tena. Zilizopo ni hizi za kabatini kwetu: mpira wa ndani unalegea, gia za plastiki zinapasuka, na kamera nyingi za Hi8, aina ya kanda ndogo za milimita 8, za mwanzoni mwa miaka ya 1990, kapasita zake, vile vipande vidogo vya kutunzia umeme, zinavuja na kuila saketi. Mwaka 2019 UNESCO ilianzisha mradi wa kuwatahadharisha wenye kanda za sumaku, kwa sababu wataalamu walikuwa wakikadiria kwamba kufikia mwaka 2025 hivi, vifaa vya kuzisomea vitakuwa adimu mno. Mwaka huo umeshafika. Kwa hiyo aliye na kamera inayofanya kazi aithamini kuliko kanda yenyewe. Na leo akifika nyumbani aitoe betri, kwa sababu betri iliyoachwa ndani miaka mingi huweza kuvuja ikaharibu vyuma vya kushikia chaji.

Haya nayasema kwa uchungu. Nilikuwa na kanda ya Hi8 yenye mama yangu akiimba huku amembeba mtoto wa dada yangu. Nikaipeleka kwa mtu aliyekuwa anahamisha kanda kwenda DVD. Akanirudishia diski inayong'aa, juu imebandikwa karatasi yenye picha nzuri ya maua. Nikaitazama mara moja, nikaridhika, kanda nikaitupa. Baadaye ndipo nikaja kuelewa kwamba alikuwa amezijaza kanda zangu tatu ndani ya diski moja. Ili zienee, alizibana mno, hata sura ya mama ikawa vibao vibao kila alipogeuka. Miaka ikapita, karatasi ya maua ikaanza kunyanyuka pembeni, na diski ikawa inakwama dakika ya 12. Wimbo ulikuwa mbele ya hapo. Nimejaribu mashine saba tofauti. Sauti ya mama yangu iko kwenye diski ile na siwezi kuifikia, na kanda niliitupa kwa mkono wangu. Tangu siku hiyo nafanya kazi hii, na ndiyo sababu nasimama mbele yenu.

Sasa tuitambue kanda tuliyo nayo, kwa sababu njia inategemea hilo. Ile kubwa ya VHS mnaijua. Ndogo yake ni VHS-C, ya mwaka 1982, inayoingizwa kwenye kasha la umbo la VHS na kuchezwa kwenye deki ya kawaida. Halafu kuna kanda za milimita 8: Video8 iliyotoka katikati ya miaka ya 1980, Hi8 ya mwaka 1989, na Digital8 ya mwaka 1999. Hizi haziingii kwenye kasha la VHS, na hakuna kasha lililowahi kutengenezwa la kuziwezesha. Upana wa utepe ni mwingine kabisa, kwa hiyo msipoteze muda kulitafuta. Na angalieni hili: Digital8 hurekodi kwenye kanda zilezile za Hi8, kwa hiyo maandishi ya Hi8 kwenye ganda hayathibitishi kilichomo. Kamera iliyorekodi ndiyo shahidi. Mwisho kuna MiniDV, iliyoanza mwaka 1995 na kuenea majumbani kuliko wenzake wote wa dijitali.

VHS, Video8 na Hi8 ni za analogi, yaani picha imeandikwa kama mawimbi. Digital8 na MiniDV ni za dijitali, picha imeandikwa kwa namba. Hapo ndipo njia zinapogawanyika.

Lakini kabla ya njia yoyote, itazame kanda. Ishike karibu na mwanga, uchungulie kwenye kidirisha chake. Ukiona unga mweupe au utando kama wa buibui kando ya roli la utepe, huo ni ukungu. Usiithubutu kuitia kwenye mashine. Vumbi lake litabaki kwenye hedi, nawe utaipaka kanda inayofuata, na inayofuata tena. Itenge kwenye mfuko wake, imngoje mtu mwenye vifaa vya kusafishia. Kama kanda imetoka mahali penye baridi, iache chumbani saa kadhaa kabla ya kuitumia, kwa sababu unyevu hutanda juu ya utepe kama unavyotanda kwenye kioo, na utepe wenye unyevu hunata kwenye pipa la hedi na kujivingirisha. Kisha fungia kanda isirekodiwe: kwenye MiniDV na za milimita 8 kuna kipande kidogo cha kusogeza, kwenye VHS kuna kibanzi cha plastiki cha kuvunja. Watu wamefuta harusi kwa kubonyeza kitufe kisicho chake.

Halafu ijaribu mashine kwa kanda isiyo na thamani. Hili nasisitiza. Mashine iliyokaa miaka kumi bila kuwashwa inaweza kuutafuna utepe, na hutaki itafune wa baba yako. Ikicheza vizuri, safisha hedi, kwa kanda ya kusafishia iliyo kavu au kwa spiriti safi kama unajua unachokigusa, kisha ndipo uingize kanda yenyewe. Ikiwa utepe unaonekana mzima, upeleke mbele hadi mwisho na uurudishe nyuma mara moja. Utepe uliokaa miaka bila kuguswa hushikana, na mzunguko huo huulegeza ukapita sawasawa.

Nianze na za dijitali, kwa sababu zina habari njema ambayo wengi hawaijui. Kanda ya MiniDV au Digital8 hairekodiwi upya inapohamishwa. Inanakiliwa. Zile namba zilizoandikwa kwenye utepe siku ya tukio ndizo zinazoingia kwenye kompyuta, namba kwa namba, bila kupungua. Sharti ni kupitia waya unaofaa, na waya huo ni wa FireWire, ambao Sony waliuita i.LINK na wengine waliandika DV tu kando ya tundu. Kamera nyingi zina pia tundu la USB, na hapo ndipo watu hudanganyika: kwa nyingi kati ya hizo, USB ilikuwa ya kutolea picha za mnato zilizo kwenye kadi, au video ndogo hafifu. Ukipitia huko utapata kivuli cha kanda yako.

Shida ya leo ni kwamba kompyuta mpya hazina tundu la FireWire. Kompyuta ya mezani unaweza kuiongezea kadi ndani. Kompyuta ya zamani yenye tundu hilo, hata ikiwa nzito na ya polepole, inatosha kabisa, maana kazi hii iliwezekana miaka ya 1990. Jihadharini tu na nyaya rahisi zenye kichwa cha FireWire upande mmoja na cha USB upande mwingine. Kamera haitaonekana kamwe kwa waya huo, kwa kuwa lugha mbili hizo hazielewani kwa kuunganisha shaba peke yake.

Saa moja ya DV ni karibu gigabaiti 13. Andaeni nafasi. Na kuna mtego mmoja uliowalaza macho wengi: diski ngumu za nje na flashi nyingi zimepangwa kwa mfumo wa FAT32, ambao haukubali faili kuzidi gigabaiti 4. Unaanza kunakili, kila kitu kinakwenda vizuri, kisha karibu na dakika ya 20 kazi inasimama, nawe unailaumu kanda au kamera. Kanda haina kosa. Panga diski upya kwa exFAT au NTFS kabla ya kuweka kitu chochote humo, na saa nzima itaingia kama faili moja.

Mna jambo lingine ndani ya faili ya DV linalonigusa kila mara. Kamera iliandika tarehe na saa pamoja na picha, hata kama hukuziona kwenye kioo. Ukinakili kanda nzima kwa FireWire, tarehe hizo zinakuja nazo. Niliwahi kufungua kanda ya familia moja iliyokuwa ikibishana miaka kuhusu lini babu yao alianza kutembea tena baada ya kuugua. Programu ikaonyesha siku, saa na dakika. Lakini ukienda moja kwa moja kwenye DVD, tarehe hizo hupotea, kwa sababu diski ya DVD haina mahali pa kuzihifadhi namna hiyo. Diski hiyohiyo nzuri mnayoitaka inakula ushahidi.

Wale waliorekodi kwa mwendo wa LP ili kanda ya saa moja ibebe dakika 90, watafuteni kamera ileile iliyorekodi. Mistari ya LP ni myembamba zaidi, na kamera nyingine mara nyingi huisoma kwa vipande vipande, picha ikijaa miraba na sauti ikikatika. Hilo si lazima liwe kifo cha kanda.

Za analogi zinadai uvumilivu. Hapa hakuna kunakili namba, kwa sababu hakuna namba. Kuna mawimbi, na kompyuta inapaswa kuyapima na kuyageuza kuwa namba wakati kanda inacheza. Kwa hiyo saa moja ya kanda ni saa moja ya kazi, wala hakuna njia ya kuiharakisha. Deki au kamera inaunganishwa kwenye kifaa kidogo cha kunasia picha, nacho kinaingia kwenye USB. Zile nyaya tatu, njano kwa picha, nyekundu na nyeupe kwa sauti, zitafanya kazi. Lakini kamera ya Hi8 ikiwa na tundu la S-Video, litumieni hilo kwa picha, maana linapeleka mwanga na rangi kwa njia mbili tofauti, na kingo za nguo na nywele hazijai vidoto vya rangi vinavyotambaa. Sauti bado itapitia nyaya nyekundu na nyeupe. Nimewaona watu wenye saa kumi za video kamili zilizo bubu, kwa kusahau hilo.

Hakikisheni mfumo. Kanda za PAL zina mistari 576 ya picha na picha 25 kwa sekunde. Za NTSC, kama zilizorekodiwa kwa kamera za Marekani au Japani, zina mistari 480 na karibu picha 30. Programu ikiwekewa mfumo usio wake utaona picha inaruka, imepoteza rangi, au chenga tupu, na mtu asiyejua atasema kanda imekufa. Kabla ya kuzika kanda yoyote, badilisha mfumo uone.

Halafu kuna kutikisika. Utepe wa zamani umenyooka hapa na kulegea pale, kwa hiyo mistari ya picha haianzi kwa wakati mmoja. Runinga ya zamani ilisamehe. Kompyuta haisamehi, hudondosha picha, na baada ya dakika 40 unamwona mtu anapiga makofi na kofi linasikika nyuma yake. Kuna vifaa vya kurekebisha mapigo ya muda, na baadhi ya deki bora za S-VHS zinavyo ndani. Kuna pia njia ninayoipenda kwa kanda za Video8 na Hi8: baadhi ya kamera za Digital8 zinaweza kuzicheza na kuzitoa zikiwa dijitali kupitia FireWire. Kamera yenyewe inaituliza picha, inaigeuza, na sauti inashikana na picha. Si kila modeli inaweza, soma kitabu chake kwanza. Ukiipata, umepunguza nusu ya mateso.

Mkinasa, acheni mambo mawili yasiyopendeza macho yabaki kama yalivyo. Pale chini kabisa ya picha mtaona mstari wa chenga unaochezacheza. Ulikuwepo siku zote, fremu ya runinga ya zamani ilikuwa inauficha. Na mtu akipita haraka mtaona kingo zake zimekuwa kama meno ya kitana. Hiyo ni kwa sababu kila picha ya video ya zamani ni nusu mbili zilizosukwa, mistari ya witiri na ya shufwa, zilizonaswa kwa nyakati mbili. Kompyuta inazionyesha pamoja. Kuna kitufe kwenye programu cha kuondoa meno hayo, na mkono utawasha kukibonyeza. Kwenye nakala kamili msikibonyeze. Ukiziunganisha nusu hizo, umetupa nusu ya mwendo na hutaupata tena, wakati mbinu za kuziunganisha zinaboreka kila mwaka. Ondoa meno kwenye nakala ya kutazamia. Vivyo hivyo msinyooshe picha ya zamani, iliyo na uwiano wa nne kwa tatu, ili ijaze kioo kipana cha leo. Watu wanakuwa wafupi na wanene, na hawakuwa hivyo. Mistari myeusi pembeni haimdhuru mtu.

Programu za bure zinatosha. OBS Studio itanasa, VLC itacheza karibu chochote, na HandBrake itatengeneza nakala ndogo za kutuma kwa simu. Sihitaji kukaa sana hapo, vijana wenu wanazijua kuliko mimi.

Nataka kukaa kwenye ile saa moja ambayo kanda inacheza. Wengi huwasha wakaondoka, warudi ikiisha. Nawasihi msiondoke. Kaeni na daftari, na kama inawezekana kaeni na mkubwa kuliko wote katika familia. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na kanda ni mali ya namna hiyo hasa. Nilikaa siku moja na bibi mmoja, tukicheza kanda ya VHS ya arusi. Nyuma ya bwana arusi alipita mwanamke mwenye kitambaa cha kijani, amebeba sinia, sekunde nne tu, hakutazama kamera. Bibi akaniambia simamisha. Akamtaja jina, akamtaja mama yake, akasema huyu alifariki mwaka uliofuata na hawana picha yake nyingine popote. Watoto wake waliokuwa chumbani hawakumjua. Tuliandika: dakika ya 31 na sekunde 10, kitambaa cha kijani. Bila maneno yale, mwanamke huyo angebaki mpita njia katika video ya watu wengine. Majina hayo yaandikwe kwenye faili ya maandishi ya kawaida, ikae folda moja na video, na jina la faili ya video lianze na mwaka, mwezi na siku ili zijipange zenyewe.

Sasa diski, kwa wanaoitaka. Naielewa sana hamu hiyo. Mzee anaitia kwenye mashine anayoifahamu, anabonyeza kitufe kimoja. DVD ya kawaida ya tabaka moja inabeba gigabaiti 4.7. Saa yako ya DV ilikuwa gigabaiti 13, kwa hiyo hata diski ikibeba saa moja tu, zaidi ya nusu ya taarifa imeachwa nje. Saa moja kwenye diski inapendeza sana. Saa mbili zinavumilika. Zaidi ya hapo vibao vinaanza kuonekana kwenye majani, maji na umati wa watu, na mnajua mimi nilipoteza nini kwa vibao hivyo. Pia kuburuta faili ya video kwenye diski tupu hakuifanyi kuwa DVD ya kuchezwa na mashine ya runinga. Video inapaswa kugeuzwa kuwa MPEG-2 na kupangwa ndani ya folda ya VIDEO_TS, kazi ambayo programu ya kutengenezea DVD inaifanya.

Choma kwa mwendo wa polepole, kisha iambie programu ihakiki. Hakikisha diski imefungwa rasmi mwishoni, la sivyo itacheza kwenye mashine iliyoichoma tu. Wenye kamera zile zilizorekodi kwenye diski ndogo za sentimita 8 walikumbana na hili sana: ikiwa diski haikufungwa ndani ya kamera, kompyuta huiona tupu. Msizitupe. Zirudisheni kwenye kamera iliyozirekodi, mzifunge humo. Juu ya diski andikeni kwa kalamu laini ya wino wa maji, kwenye duara la katikati. Msibandike karatasi. Karatasi huvimba, huvuta upande mmoja, na diski inayozunguka kwa kasi haitaki uzito wa upande mmoja. Ziwekeni mbali na jua, kwa sababu diski za kuchoma nyumbani hushika data kwenye rangi ambayo mwanga unaiua taratibu. Kuna aina iitwayo M-DISC ambayo tabaka lake si la rangi ya namna hiyo, nayo ni bora kwa wanaotaka kuweka. Hata hivyo kompyuta nyingi mpya hazina tena mahali pa kuingiza diski yoyote, na njia hiyo tumeshaiona ikipitiwa na deki na kamera.

Kwa hiyo nakala kamili zikae kwenye diski ngumu mbili tofauti, na ya tatu ikae nyumba nyingine, kwa ndugu unayemwamini. Mpigapicha Peter Krogh ndiye aliyeieneza kanuni hii: nakala tatu, kwenye vitu vya aina mbili, na moja iwe mbali. Kila mwaka washeni diski hizo, fungueni faili chache, mwone kama zinacheza mpaka mwisho. Diski ngumu iliyosahaulika kwenye droo nayo hufa kimya.

Kwa wale ambao kamera zao zilirekodi kwenye kadi au diski ya ndani kwa mfumo wa AVCHD, ulioanza mwaka 2006, neno moja: nakili folda nzima kama ilivyo, usichomoe faili za video peke yake. Tukio refu hukatwa vipande kadhaa, na taarifa za kuviunga zimo kwenye folda hiyo.

Na kanda zenyewe, mkishamaliza, msizitupe. Zirudisheni nyuma hadi mwanzo, zisimamisheni wima kama vitabu, mahali pakavu na poa, mbali na spika na sumaku. Huenda kesho ukagundua faili ina dakika tatu zisizosomeka, na ukahitaji kuirudia kanda kwa kamera nyingine. Mimi sina cha kurudia, nanyi msifike hapo nilipofika.

Mezani kuna kamera mbili, moja ya MiniDV na moja ya Digital8 inayocheza Hi8, na hedi zake nimezisafisha asubuhi. Kompyuta ile ya zamani ina FireWire. Mzee uliyekaa mwisho kule, mlangoni umeniambia kanda yako haijachezwa tangu mkeo alipofariki, na kwamba humo ndani anasoma barua kwa sauti. Ilete, baba. Tuitazame kwanza kwenye mwanga kama ina ukungu, na kama ni safi tuanze na yako. Mwanao akae hapa na daftari.